Mimba ina wiki ngapi? Maswali yenu kuhusu uchungu wa mapema na watoto njiti

Barua za mwezi huu zimetoka Arusha na Moshi, na karibu zote zinahesabu kwa miezi: "mimba ya miezi saba", "miezi sita na ushee". Wanaojibu, daktari wa magonjwa ya wanawake na mkunga wa wodi ya watoto wachanga, wanahesabu kwa wiki. Sababu utaiona kuanzia barua ya kwanza. Kuzaa kabla ya kutimiza wiki 37 ndiko kuzaa kabla ya wakati, na duniani karibu mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa hivyo.

Shikamoo daktari. Mwezi uliopita tumbo lilikuwa linakaza na kuachia tangu jioni hadi usiku wa manane. Mama mkwe akasema ni uchungu wa uongo, nilale ubavu. Kweli likatulia. Kliniki waliniandikia wiki 29, mimi nahesabu miezi saba na nusu. Likianza tena nitajuaje kama ni uchungu wenyewe?
*Mama Kijacho, Sakina, Arusha*

Marahaba. Mama mkwe yuko sahihi kwamba ipo mikazo isiyo uchungu. Tatizo ni kuliamua hilo ukiwa kitandani. Uchungu wa kweli ni ule unaofungua mlango wa kizazi, na mlango huo hauonekani kwa nje.

Weka kiganja juu ya kitovu. Tumbo likikaza utasikia ugumu kama wa paji la uso. Likiachia, linakuwa laini kama shavu. Andika saa kila linapoanza kukaza, usikadirie. Nenda ukakojoe, kunywa glasi mbili za maji, lala ubavu wa kushoto. Mikazo isiyo na madhara huja ovyo ovyo na hupungua. Ikifika minne ndani ya saa moja na hujatimiza wiki 37, nenda hospitali hata kama haiumi sana. Wengi hawasikii maumivu ya tumbo kabisa: wanasikia kiuno kinavuta kama siku za hedhi, au uzito unaosukuma chini, au wanaona ute mzito wenye michirizi ya damu. Damu yenyewe, homa, kichwa kuuma sana au mtoto kuacha kucheza havihitaji kuhesabiwa dakika. Ondoka hapo hapo.

Ukihisi maji yanatoka, vaa pedi safi na utembee nusu saa. Mkojo una harufu yake na ukijibana unazuilika. Maji ya chupa, yaani ya mfuko unaomzunguka mtoto tumboni, hayana harufu hiyo, na ukibana bado yanachuruzika. Usijichunguze kwa kidole. Hata hospitali, chupa ikiwa imepasuka na uchungu haujaanza, mhudumu anatakiwa aangalie kwa spekulamu (kifaa cha kutanulia uke), kwa sababu kila kidole kinachoingia kinapandisha vijidudu kwa mtoto.

Sasa hesabu yako. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Iliyoanza 10 Juni 2025 inakupa matarajio ya 17 Machi 2026, na wiki 29 zinatimia 30 Desemba. Kama hukumbuki tarehe, utrasaundi ndiyo jibu, lakini iwe ya mapema. Ya miezi mitatu ya kwanza hukosea kwa siku chache tu. Ya baada ya wiki 28 inaweza kukosea kwa wiki tatu nzima. Miezi saba na nusu ukiigeuza wiki inaweza kuwa 30, inaweza kuwa 33, na dawa anazopewa mama wa wiki 30 si zile za wiki 35. Hiyo karatasi ya utrasaundi ya kwanza ibandike kwenye kadi ya kliniki, isikae kabatini.

Mke wangu alipata uchungu akiwa na wiki 30. Walimchoma sindano kila baada ya saa 12, wakampa vidonge ambavyo jirani anameza kwa ajili ya presha wakati yeye hana presha, kisha dripu iliyomchoma mwili mzima. Baadaye wakatuhamishia hospitali kubwa, mtoto akazaliwa siku ya tatu. Dawa zote hizo, mbona hazikuzuia?
*Baba, Kiboriloni, Moshi*

Pole kwa hekaheka, na hongera kwa mtoto. Kwa maelezo yako hazikushindwa. Kazi yake haikuwa kuzuia uchungu hadi miezi tisa; ilikuwa kununua saa 48, na mlizipata.

Sindano hizo kwa maelezo yako ni deksamethasoni: mg 6 kwenye msuli, kila saa 12, mara nne, jumla mg 24. Inamwendea mtoto, siyo mama. Mapafu ya wiki 30 hayajatengeneza vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane kila anapotoa pumzi. Dawa inaharakisha utengenezaji huo. Graham Liggins wa New Zealand aliona wanakondoo waliopewa homoni ya aina hii wakipumua kabla ya umri wao, na mwaka 1972 yeye na Ross Howie wakachapisha matokeo kwa binadamu. Ubishi ulibaki kama inafaa hospitali za nchi zenye uwezo mdogo. Mwaka 2020 utafiti uliofanyika Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan ulionyesha vifo vya watoto wachanga vikipungua kwa asilimia 16.

Nguvu yake kamili huja saa 24 baada ya kuanza, na hukaa kama siku saba. Ndiyo maana kufika mapema ni nusu ya tiba. Ukifika njia imeshafunguka sentimita tisa, hata sindano ya kwanza haina muda wa kufanya kazi. Hutolewa kuanzia wiki 24 hadi 34, kwa mama anayetazamiwa kuzaa ndani ya siku saba, asiye na dalili za maambukizi ndani ya kizazi, na mahali penye huduma ya kuzalisha na ya mtoto njiti. Kumchoma kila mama mwenye tumbo linalovuta ni kosa: mtoto akikaa hadi wiki 39, amepewa dawa bila faida. Mwenye kisukari apimwe sukari kwa karibu siku hizo, maana itapanda.

Vidonge "vya presha" ni nifedipini. Inalegeza misuli ya mishipa ya damu, ndiyo sababu ya jirani yako, na inalegeza pia misuli ya mfuko wa uzazi. Kawaida huanza na mg 20 ya kumeza, kisha mg 10 hadi 20 kila saa 4 hadi 8, na wengi huishia saa 48. Haimezwi bila kupima presha kwanza, kwani inaweza kuiangusha. Wala haipewi mama mwenye maambukizi ya kizazi au ambaye kondo limeanza kubanduka; hapo kumzuia mtoto ndani ni kumzuia mahali pa hatari.

Dripu iliyomchoma ni magnesiamu salfeti. Ndiyo ile ya kifafa cha mimba, ila chini ya wiki 32 hutolewa kwa sababu nyingine: inalinda ubongo wa mtoto dhidi ya mtindio. Gramu 4 huingia polepole kwa dakika 20, kisha gramu 1 kila saa hadi azae au saa 24 ziishe. Joto lile kali ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni nesi kutorudi: lazima agonge goti kuona kama linaruka, ahesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na apime mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Goti likigoma, dripu inafungwa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuzimua magnesiamu ikizidi, inatakiwa iwe pale pale pembeni ya kitanda, siyo stoo iliyofungwa na mtu kaenda chai.

Chupa ingekuwa imepasuka wangeongeza erithromaisini, mg 250 mara nne kwa siku, siku 10. Uchungu ukiwepo na chupa ni nzima, bila maambukizi, antibayotiki haitakiwi.

Na kuhamishwa? Hakuna gari la wagonjwa lenye joto na hewa sahihi kuliko mfuko wa uzazi. Mtoto wa kilo 1.3 akishazaliwa ndipo asafirishwe anafika wa baridi, na baridi inamaliza sukari na pumzi. Kumpeleka akiwa tumboni, kama bado muda upo, ni uamuzi mzuri. Wa vijijini wakumbuke namba 115 ya m-mama: usafiri wa dharura kwa wajawazito na vichanga, simu yake haina malipo.

Niko zahanati ya pembezoni, Moshi Vijijini. Mama akifika na wiki 31, njia imefunguka sentimita 8, rufaa haiwezekani tena. Nina ambu (mfuko wa kumpulizia mtoto hewa), sina oksijeni. Nianze na nini?
*Mkunga*

Anza na simu ya gari, ili likute umemaliza. Kisha funga madirisha na pasha chumba joto, nyuzi 25 au zaidi. Huko juu mlimani usiku wa Julai hiyo ni kazi kuliko kuzalisha. Andaa vitambaa viwili vikavu, kofia, na mfuko safi wa plastiki wa hospitali (siyo rambo za sokoni, hizo zilipigwa marufuku 2019). Jaribu ambu kwenye kiganja chako, na hakikisha una barakoa namba 0. Namba 1 itavujisha hewa kwenye uso mdogo hivyo.

Usipasue chupa. Ikiwa nzima inamkinga kichwa na kitovu. Vakyumu ya kumvuta mtoto kichwa haitumiki chini ya wiki 34, na hakuna haja ya kuongeza njia kwa mkasi eti kwa sababu ni njiti. Akitoka, usimkaushe mwili: mwingize kwenye mfuko hadi shingoni akiwa mbichi, kausha kichwa tu, vika kofia. Akiwa anapumua, acha kitovu angalau sekunde 60 kabla ya kufunga. Damu hiyo ni yake. Asipopumua baada ya kumsugua mgongo, funga, kata, na anza ambu ndani ya dakika ya kwanza, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wanakamua kwa mkono mzima. Vidole viwili vinatosha. Kifua kikipanda kidogo tu, umefika. Kikitutumka, unaweza kupasua pafu.

Mama apate oksitosini uniti 10, ya kuzuia damu kumwagika. Mtoto asafiri kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, na barua ya rufaa iandike saa ya kuzaliwa, uzito na joto. Kuhusu deksamethasoni, piga simu hospitali inayopokea na mkubaliane. Usichome halafu ukasahau kuandika, maana atachomwa tena.

Nimepoteza mimba mbili, ya wiki 20 na ya 22. Zote hazikuuma. Maji yalitoka, mtoto akafuata. Nasikia kuna kushonwa. Je, kunafaa?
*Dada, Usa River*

Pole sana, dada. Kupoteza bila maumivu katikati ya mimba, mara mbili, kunatufanya tushuku mlango wa kizazi usiohimili uzito. Kushonwa kunafaa watu wa aina yako hasa.

Usisubiri mimba ionekane. Kati ya wiki 11 na 14 utrasaundi ihakikishe mtoto ni mzima, kisha ushonwe. Inafanyika kwa ganzi ya mgongo: uzi mnene usioyeyuka unapitishwa kuzunguka mlango na kukazwa kama kamba ya mfuko wa tumbaku wa babu. Huchukua muda mfupi. Matone ya damu na tumbo kuvuta siku mbili tatu ni kawaida. Homa au maji kutoka si kawaida.

Njia ya pili ni kupima urefu wa mlango kwa utrasaundi ya ukeni kati ya wiki 16 na 24. Ukiwa milimita 25 au pungufu, daktari anaweza kushona, au akakupa projesteroni (homoni inayotunza mimba) ya kuweka ukeni, mg 200 kila usiku. Ukiandikiwa sindano ya projesteroni ya kila wiki, uliza: ile iliyotumika sana Marekani iliondolewa sokoni 2023 baada ya utafiti mkubwa kutoona faida yake.

Uzi hutolewa wiki ya 36 au 37, mlangoni tu, hata bila ganzi mara nyingi. Uchungu ukianza kabla, utolewe siku hiyo hiyo, la sivyo unachana mlango. Kwa hiyo mwambie kila anayekupokea kwamba umeshonwa, na liandikwe juu kabisa kwenye kadi kwa kalamu nyekundu. Wapo wanaolificha kwa ndugu wa mume, halafu wanafika leba na hakuna anayejua.

Kabla ya mimba nyingine pima kaswende, wingi wa damu na mkojo wa kuotesha, na upumzike angalau miezi sita. Anayezaa mtoto akaishi tunamshauri miezi 24 kabla ya kubeba tena.

Maswali mafupi

*Bodaboda inaleta uchungu?* Mtikisiko peke yake haujathibitishwa. Tunachoogopa ni kuanguka: kondo linaweza kubanduka bila jeraha lolote la nje. Ukianguka, kapimwe siku hiyo hiyo.

*Daktari kaniambia nilale tu hadi nizae.* Kulala kitandani wiki nzima nzima hakujaonyeshwa kuzuia uchungu, na kunagandisha damu miguuni. Kuacha kubeba ndoo za maji ni jambo lingine, acha.

*Kila mara nina UTI, nanunua dawa duka la dawa.* Maambukizi ya mkojo ni mojawapo ya visababishi vinavyotibika vya uchungu wa mapema, na mengine hayana dalili. Peleka mkojo wa katikati ukaoteshwe, meza dozi yote, kisha upimwe tena. Vidonge sita vya kubahatisha vinawafundisha vijidudu.

*Arusha kuna baridi, SP ya kukinga malaria ya nini?* Malaria inakondesha mtoto na kuleta uchungu mapema, na watu wanasafiri: wikiendi moja Mto wa Mbu au kwenye mpunga wa Mabogini inatosha. Dozi huanza wiki ya 13, zikipishana mwezi, tatu au zaidi. Usimeze pamoja na foliki ya mg 5, inaipunguza nguvu. Ile ya mg 0.4 haina shida. Anayetumia kotrimoksazoli asipewe SP.

*Aspirini ndogo ni salama?* Kwa aliyewahi kupata kifafa cha mimba au presha ya mimba, mg 75 kila siku kuanzia wiki ya 12 hupunguza hatari, pamoja na ya kuzaa mapema. Ianzishwe na daktari, isiwe ya kuazima.

Mjukuu wangu amezaliwa na wiki 31, kilo 1.4. Wodini wanataka akae kifuani mwa mama yake usiku na mchana, naye kachoka. Naweza kumpokea? Na tukirudi Machame, baridi ya Juni, tumpe uji mwepesi apate joto? Sisi tulijua wa miezi saba hupona na wa minane hufa.
*Bibi, Machame*

Shikamoo bibi. Tuanze na la mwisho: si kweli. Kila wiki tumboni inaongeza nafasi, wa wiki 34 ana nguvu kuliko wa 30.

Kumpokea, ndiyo, hata babu anaweza, mradi hana kikohozi wala kidonda cha ngozi. Utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa 2021 ulionyesha watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watulie, walikufa pungufu kwa robo. Lengo ni saa 8 hadi 24 kwa siku, na zikigawanywa kwa watu wawili zinafikika. Mvue, abaki na nepi, kofia na soksi. Msimamishe katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeukia upande na kidevu kimeinuka kidogo ili njia ya hewa isijikunje. Kanga ifungwe hadi chini ya sikio. Mguse nyayo na tumbo: nyayo za baridi na tumbo la joto maana yake baridi imeanza. Kipimajoto kwapani kisome 36.5 hadi 37.5. Jiko la mkaa lisiingie chumbani kabisa, moshi wake usioonekana unaua wakubwa, sembuse yeye. Kuogeshwa kusubiri wodi iruhusu.

Uji hapana, maji hapana, maziwa ya ng'ombe hapana. Mtori mpe mama. Mtoto ni maziwa ya mama tu, yakamuliwe mara 8 au zaidi kwa siku, usiku pia, maana usiku ukiachwa yanapungua. Katika wiki 31 bado hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu, hivyo anaanza kwa mrija, baadaye kikombe kidogo. Chupa ya chuchu tuiache. Kiasi huanza kidogo na kupanda kila siku hadi kama mililita 160 kwa kilo. Kwa kilo 1.4 ni 224 kwa siku. Akilishwa kila saa mbili ni mililita 19 kila mara, vijiko vya chai visivyofika vinne. Inaonekana kidogo, lakini tumbo lake ni dogo pia. Akishatulia anatakiwa aongeze kama gramu 20 kila siku. Asipoongeza siku tatu mfululizo, mwambie nesi kabla ya kubadili chochote.

Mkirudi Machame, msikae naye akiacha kupumua kwa sekunde 20, akibadilika rangi kuwa bluu, akigoma kula mara mbili mfululizo, akiwa manjano hadi nyayoni au akiwa baridi hata baada ya saa nzima kifuani. Mrudisheni akiwa kifuani, siyo kwenye beseni la nguo.

Jambo moja husahaulika kuliko yote. Aliyezaliwa chini ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5 achunguzwe macho anapotimiza wiki nne, kwa sababu mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kukua vibaya na kumpofusha kimya kimya, macho yakionekana mazima kwa nje. Hospitali ya KCMC, Moshi, wana idara ya macho. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye kadi kabla hamjaruhusiwa, na ikiwa haijaandikwa, bibi, usiondoke hadi iandikwe.